Ukishuka kwenye gari, anzia zahanati: kwa wanaoingia fildi ya Afya Moja msimu huu

Nimemaliza kupitia ripoti za fildi za vijana wetu wa msimu uliopita. Kazi ya maabara ni safi: sampuli zimetunzwa, fomu zimejazwa, ramani zinapendeza. Lakini karibu kila ripoti, ukifika ukurasa wa mwisho, unakutana na mstari uleule: jamii ilielimishwa kuhusu magonjwa yanayoambukizwa kati ya wanyama na binadamu. Basi. Nani alielimishwa, wapi, na yeye alisema nini, hakuna. Nilipouliza majibu ya vipimo vya msimu wa kabla ya huo yalirudishwa kwa nani kijijini, watu wakaanza kutazamana.

Mimi ni daktari wa wanyamapori. Tangu nitoke Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) nimefanya kazi pembezoni mwa hifadhi, kwenye mipaka ambako nyumbu, ng'ombe, mbwa na watoto wanakunywa dimbwi moja. Hawa vijana nawapenda. Wengi wana akili kuliko tulivyokuwa sisi, na wanatumia mashine ambazo sisi tulizisikia tu darasani. Ndiyo maana inanikera kuona wanatumbukia kwenye mashimo yaleyale. Afya Moja, yaani afya ya watu, wanyama na mazingira kutazamwa kwa pamoja, simwelezi mtu hapa kwa kirefu. Kama umeshapewa kibali na gari, unajua.

1. Anzia zahanati, hata kama mradi wako ni wa nyati.

Kwa mtendaji wa kijiji ni lazima, na kitabu cha wageni ni lazima. Ukitoka hapo, usiende moja kwa moja porini. Nenda zahanati, msalimie mganga mfawidhi, kaa kwenye benchi kama wengine mpaka amalize wagonjwa wake. Kisha muulize: miezi hii unaona nini? Homa ngapi unapima malaria zinatoka hasi, na hao unawaandikia nini? Huhitaji jina la mgonjwa hata mmoja. Vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za wagonjwa, vinajazwa kila siku na watu waliochoka, na ndani yake kuna habari za wanyama wako kuliko unavyodhani.

Kuna utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 ambao kila anayeanza kazi hii anapaswa kuujua. Wagonjwa 870 waliolazwa na homa walifuatiliwa kwa vipimo vya uhakika. Malaria ilikuwa imeandikwa kwa takriban 6 kati ya kila 10. Iliyothibitika ni chini ya 2 kati ya kila 100. Miongoni mwa waliokamilisha vipimo vyote, robo walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama: leptospirosisi, homa ya Q, homa za kupe, brusela. Hawa ni watu waliolala kitandani hospitalini, na wengi wao hakuna aliyewauliza kama wanafuga mbuzi.

2. Chanjo ya kichaa cha mbwa uipate wewe kwanza, kabla hujashika mbwa, bweha au popo wa mtu yeyote.

Ukiambiwa bajeti haina fungu la chanjo, kaa ofisini mpaka lipatikane.

3. "Mimi ni daktari wa wanyama": maneno hayo yasikutoke mdomoni.

Hili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu linaniuma mpaka leo.

Tulikuwa na mradi wa brusela, ugonjwa wa bakteria unaotupisha mifugo mimba na kumwingia mtu kwa maziwa mabichi au kwa kushika kizazi na kondo. Swali letu lilikuwa zuri: nyati na ng'ombe wanaochangia malisho, je, wanaambukizana? Fedha zilikuwepo, vibali vimetoka. Tukawa tunachukua damu ya ng'ombe na mbuzi kwenye maboma ya upande wa nje wa mpaka, alfajiri kabla mifugo haijafunguliwa. Kwenye boma moja alikuwepo mama wa makamo, yeyo (mama, kwa Kimaasai) tulimwita kama walivyomwita wote pale, ambaye ndiye aliyewajua mbuzi mmoja mmoja: huyu kazaa lini, huyu katupa mimba mara ngapi, huyu maziwa yake yamekuwa mepesi. Mwanawe mkubwa alitutafsiria.

Asubuhi hiyo mbuzi mmoja alikwama kuzaa. Mimi nilichukua glavu ndefu, na nikiwa bado nazivuta zifike kwenye kiwiko, yeyo alikuwa ameshapitisha mkono mtupu, amekigeuza kitoto, amekitoa, amekifuta pua kwa upindo wa shuka lake. Kondo la nyuma akalichukua kwa mikono ileile akawatupia mbwa. Niliona ustadi ambao shuleni haufundishwi. Kwenye daftari langu nikaandika "tabia hatarishi", nikarudi kuandika namba kwenye mirija.

Tulipokuwa tunafungasha, alituma swali kupitia kwa mwanawe. Na sisi je? Mgongo unamuuma, usiku jasho linalowesha ngozi anayolalia, homa inakuja inaondoka. Nikamjibu, tena kwa heshima zote, kwamba mimi ni daktari wa wanyama, aende zahanati. Akasema zahanati ameshakwenda. Nikasema aende tena.

Majibu ya Rose Bengal, kipimo cha haraka cha brusela, yalitoka muda si mrefu. Ng'ombe na mbuzi kadhaa wa boma lile walikuwa chanya. Utaratibu wetu ulitaka sampuli zithibitishwe kwanza, halafu ripoti ipite kwa mtafiti mkuu, halafu ofisini, halafu wilayani. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na mimi nikajificha nyuma ya sababu hizo. Hakuna aliyenikataza kupiga simu. Kutoka kambini kwetu mpaka zahanati ni mwendo mfupi wa bodaboda. Majibu yale yalikaa kwenye kompyuta yangu masika nzima, huku mimi naandaa mada ya mkutano wa kisayansi.

Tuliporudi kiangazi, yeyo hakutoka kutupokea. Alikuwa ndani, amelala ubavu, hawezi kunyooka. Mwanawe akanitolea daftari la zahanati, lile la mistari, limefunikwa na nailoni ili lisilowe. Nikakaa nje ya boma nikasoma ukurasa kwa ukurasa. Malaria, dawa ya mseto. Taifodi. Yutiai. Malaria tena. Maumivu ya mgongo, diklofenaki. Mwandiko wa watu tofauti, na wote walifanya walichoweza kwa vipimo walivyokuwa navyo. Brusela haikuandikwa popote, kwa kuwa hakuna aliyempa tabibu sababu ya kuiwaza. Sababu hiyo nilikuwa nayo mimi.

Tulimpeleka hospitali kwa gari letu. Akapimwa, akaanzishiwa doksisiklini na rifampisini, vidonge vya kila siku kwa wiki sita na zaidi. Homa ilikwisha. Mgongo haukurudi ulivyokuwa. Brusela ikishaingia kwenye pingili za uti wa mgongo na kuachwa humo muda mrefu, dawa inaua vimelea lakini mfupa umeshaharibika. Hadi leo anachotewa maji. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nilijua lini. Nikamtajia mwezi. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema kwa kuwa sasa najua, watoto wapimwe wote, na wa maboma ya jirani pia, na nisiondoke mpaka hilo limefanyika. Tabibu akaja na pikipiki siku hiyohiyo.

Ndiyo maana timu yangu ina kanuni ambayo sibishani nayo na mtu. Mnyama wa boma la mtu akitoka chanya kwa ugonjwa unaoweza kumfikia binadamu, mwenye boma na mganga mfawidhi wanaambiwa wiki ileile, kama majibu ya awali, kwa mdomo na kwa karatasi. Liandike hilo kwenye andiko la maadili tangu siku unaliwasilisha, na mtu yeyote asije akakwambia baadaye kwamba umevujisha takwimu. Na ukiulizwa "na sisi je?", jibu lako liwe: nieleze.

4. Kuhusu kutaka kuwa kama Dkt. Gladys.

Kila barua ya maombi ya kazi inayonifikia inamtaja Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda. Vizuri sana, hata mimi nikimsikia akizungumza nakaa wima. Lakini wengi mmeshika sehemu ya gorila na ile kahawa yake ya kusaidia uhifadhi, mkaacha sehemu yenye somo.

Mwaka 1996 alikuwa daktari wa mifugo kijana, ndiyo kwanza ameajiriwa na mamlaka ya hifadhi, akaitwa kwenye msitu wa Bwindi. Gorila wa milimani wananyonyoka manyoya, wanajikuna, mtoto mmoja hali mbaya. Akamuuliza daktari wa binadamu: watu wanaoishi kuzunguka msitu huwa wanaugua nini kwenye ngozi? Upele, akaambiwa. Na ndicho kilichokuwa kwenye ngozi ya gorila. Yule mtoto akafa, waliobaki wakatibiwa kwa ivamektini wakapona. Chanzo kilikuwa kwa watu wa pembezoni mwa msitu, waliokuwa mbali na huduma za afya, huku gorila wakitoka kwenda kwenye mashamba yao.

Angalia alichofanya na jibu hilo. Angeweza kuwageuza wanavijiji kuwa watuhumiwa. Badala yake alikwenda kukaa nao vikao, akawaeleza, akauliza wafanye nini, na mapendekezo yakatoka kwao. Mwaka 2003 akaanzisha na wenzake shirika la CTPH (uhifadhi kupitia afya ya jamii), ambalo wahudumu wake wa kujitolea wa vijijini wanatembea nyumba kwa nyumba wakizungumzia kifua kikuu, usafi, uzazi wa mpango na gorila kwenye ziara hiyohiyo moja. Kazi ya wengi, askari wa hifadhi, wanakijiji na madaktari, imewafikisha gorila wa milimani zaidi ya 1,000, na mwaka 2018 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ikawatoa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka.

Kwa hiyo, kijana, ukipata ushahidi kwamba ugonjwa umetoka kwa watu kwenda kwa wanyama, jiulize kabla hujafungua mdomo kwenye mkutano wa kijiji: mtu mwenye upele au kikohozi anayekusikiliza atatoka hapa na dawa, au atatoka na aibu? Kama ni aibu, ahirisha mkutano, nenda katafute dawa.

5. Mbwa. Mnawadharau mbwa.

Nyote mnataka simba. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ulipita Serengeti ukaondoka na simba wapatao 1,000, theluthi ya wote waliokuwepo, na virusi vyenyewe vinahusishwa na mbwa wa vijijini. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, takriban 4 kati ya 10 wakiwa watoto, na karibu wote kwa jino la mbwa. Anayechanja mbwa kijijini anafanya kazi ya hifadhi na ya wizara ya afya kwa sindano moja. Hata sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe uliokuwa ukiua nyumbu pia, iliondolewa hivyohivyo: chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright pale Muguga, Kenya, ilidungwa ng'ombe, na nyumbu wa Serengeti wakaongezeka kutoka kama robo milioni miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja miaka ya 1970 inaisha. Hakuna aliyehitaji kumdunga nyumbu.

Lengo la mbwa ni asilimia 70, na kila mwaka, kwani mbwa wa kijijini hawaishi sana na kila mvua ina watoto wapya. Na wanaoleta mbwa ni watoto. Msimu uliopita niliona kijana wetu mmoja anamfokea mtoto kwa kushika mbwa vibaya. Yule mtoto alitembea na mbwa huyo kamba ya katani shingoni, akivutwa zaidi ya alivyovuta, akapanga foleni juani. Alikuwa na umri wa darasa la pili. Akaondoka bila kuchanja. Nilimfuata mpaka kwao.

Unavyofanya ni hivi. Unachuchumaa, unamuuliza mtoto jina la mbwa. Anasema Simba, au Yanga, au jina la mwalimu wake wa hesabu, na hapo cheka naye. Liandike kwenye kadi kama alivyolitamka, mpe aishike mwenyewe. Kadi yenye jina la mbwa wake haipotei, na ukirudi mwakani utaikuta imechomekwa darini. Wakati unaandika mwambie hili tu: ukiumwa na mbwa, hata mchubuko mdogo, osha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mwambie mtu mzima akupeleke kuchanjwa leo, si kesho. Watoto wanakumbuka. Wapo waliowafundisha baba zao.

Na usipange chanjo siku ya mnada.

6. Mzoga usiupasue.

Mnyama amekufa ghafla, tumbo limevimba, damu inatoka puani na haigandi. Kila mwaka kuna kijana anayefungua kisu "ili tupate chanzo cha kifo". Chanzo ndicho hicho unachotaka kukirushia hewani. Kimeta kikikutana na hewa kinajenga mbegu zinazokaa ardhini miongo na miongo. Chukua tone la damu sikioni, pakaa kioo, funika mzoga, weka mlinzi, uchomwe au uzikwe kwa kina.

Ila jambo ambalo kitabu hakitakwambia ni la nyama. Utafika ukute ng'ombe ameshagawanywa. Usianze na hotuba. Yule ng'ombe alikuwa ada ya mtoto, na hakuna atakayemlipa mwenyewe fidia. Uliza kwa upole nani ameshika, nani amekula, nani ana kidonda mkononi kinachoanza kama uvimbe usiouma na kugeuka cheusi katikati. Ukimtisha mtu atakificha kidonda chake, na kimeta cha ngozi kinatibika vizuri kikiwahiwa. Nimewahi kuwaona wazee wakikunja mikono ya mashati wenyewe, mmoja baada ya mwingine, baada ya askari wetu wa kike kusema kwamba na kwao walikula.

7. Popo waacheni pangoni.

Tangu Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, itangazwe Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025, kila mkutano anainuka mtu kupendekeza popo wachomwe moto, na vijana wetu wanakaa kimya kwa kuogopa kubishana na wakubwa. Msikae kimya, kwa kuwa jambo hili limeshajaribiwa jirani kabisa. Kwenye mgodi wa Kitaka, Uganda, wachimbaji waliugua mwaka 2007, na mwaka uliofuata popo wa mle wakaangamizwa. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena wilaya ileile ya Ibanda. Watafiti walipowapima popo waliorudi kwenye mgodi, wachache kuliko wa awali, waliokuwa na virusi walikuwa asilimia 13.3, kabla ya kuangamizwa walikuwa 5.1. Inadhaniwa waliohamia walikuwa wageni wasio na kinga. Jifunzeni hadithi hiyo kwa kichwa, na mwisho wake mpeleke pendekezo linalofanyika: watu wasiingie mapangoni bila kinga, na tunda lenye alama za meno litupwe.

8. Madogo, lakini yameua miradi.

Andika lebo kwa penseli. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti. Dawa ya kuzindua iwe imeshavutwa kwenye bomba kabla bunduki ya usingizi haijajazwa, na ya binadamu iwe mfukoni mwa mtu asiyeshika bunduki, kwani tone la etofini, dawa ya usingizi ya wanyama wakubwa, linatosha kumuua mtu mzima. Mvua zikiwa kubwa kuliko kawaida na kondoo wakaanza kutupa mimba kwa mkupuo, pigia simu watu wa mifugo na wa afya siku hiyohiyo. Mwaka 2006 kuingia 2007 homa ya Bonde la Ufa, ambayo huja hivyo, ilitembea Kenya, Somalia na kwetu. Kwenye gorila na sokwe vaa barakoa, na mwenye mafua abaki kambini.

9. Namba tatu za simu.

Ofisa mifugo wa kata, mganga mfawidhi, na mkuu wa kituo cha askari wa wanyamapori kilicho karibu. Ofisi ya Waziri Mkuu ina dawati la Afya Moja na linafanya kazi yake, lakini usiku wa manane mbwa akiuma watoto njiani, wanaoamka ni hawa watatu. Wengi wao wanaishi kata moja na hawajawahi kukaa meza moja. Wakutanishe. Nunua chai na chapati kwa hela yako kama posho haijaingia. Hiyo chai imenisaidia kazini kuliko semina nyingi nilizohudhuria, na siku hizi watatu wa kata ninayofanyia kazi wana kundi lao la WhatsApp ambalo mimi hata simo. Nimefurahi sana kwa hilo.

10. Mnaoondoka Jumatatu.

Majibu ya msimu uliopita yameshachapwa kwa Kiswahili, karatasi moja kwa kila boma, na nakala ya zahanati iko kwenye bahasha ya kaki juu ya boksi la mirija. Maboma yaliyotoka hasi nayo yana karatasi yao. Hao pia walitushikia ng'ombe. Asiyejua kusoma msomee, na usimame hapo mpaka aulize swali. Bahasha iishe kabla hamjafungua boksi.